Mkono wa Mama na Tachipadi Isiyo na Picha

Jumapili, Julai 2009. Machakos. Baridi.

Mawingu yamelalia vilima vya Iveti tangu asubuhi na hayana nia ya kuondoka. Nimetoka kanisani kabla ya matangazo, kwa sababu sikutaka mtu yeyote anisimamishe mlangoni na kuniuliza nimeamkaje. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vimekufa ganzi. Nimechemsha chai, nimeisahau, imepoa.

Sina raha. Niseme hivyo kwanza, nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wananijua. Mimi ni Mwikali, nafundisha kompyuta katika chumba cha ghorofani karibu na soko la Marikiti, na kabla ya kompyuta nilifundisha taipu, enzi zile za mashine zilizosikika hadi barabarani. Huwa naandika vituko vya darasani. Wiki sita zilizopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba Mama amefariki, mkanipa pole, nikanyamaza. Leo sina kituko. Sijui hata namwandikia nani.

Nitaanza na tachipadi. Najua ni mahali pa ajabu pa kuanzia kilio, lakini ndipo kinapoanzia changu.

Mwezi wa pili niliandika hapa kuhusu mwanafunzi wangu mmoja, Mzee Kioko, fundi wa saa mwenye kibanda karibu na stendi. Umri wake ni miaka sitini na ushei. Alikuja kujiandikisha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, saa za mkononi zinakwisha, na yeye hana mpango wa kwisha pamoja nazo. Siku nilipomkalisha mbele ya laptopu kwa mara ya kwanza aliisugua tachipadi, ile sehemu laini chini ya kibodi ambayo unapitisha kidole ili mshale usogee. Akaangalia kidole. Akaangalia skrini. Akarudi kwenye kidole. Kisha akauliza, darasa zima likisikia:

"Mwalimu, mbona hapa hakuna picha? Mkono iko huku chini, kazi iko kule juu. Mimi nikifungua saa, macho iko pale kidole iko. Hii kitu wangeiweka kaskrini kake hapa hapa, mtu aguse kile anataka, amalize."

Darasa likacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sikuishia hapo. Nilikuja hapa nikaandika makala ndefu kuhusu fundi wa saa anayetaka tachipadi iwe na skrini. Nilipanga hoja zangu vizuri kama mtu anayetandika kitanda cha wageni. Kidole kingeificha picha yenyewe. Betri, ambayo hata sasa stima ikipotea haimalizi kipindi, ingekufa kabla ya mwalimu kusema habari za asubuhi. Shingo ingekuwa ikipanda na kushuka kama ya kuku anayekunywa maji. Na kubwa kuliko yote, mtu anayeuangalia mkono wake bado hajaijua kazi. Mlifurahi sana kwenye maoni. Mmoja wenu aliandika kwamba fundi wa saa arudi kwa saa zake. Sikuyafuta maoni hayo. Niliyajibu kwa kicheko.

Usiangalie mkono. Hiyo ndiyo sheria yangu, na sikuitunga mimi.

Nilipojifunza taipu, mwalimu wetu alikuwa akitufunga kitambaa cheusi, ncha mbili shingoni na mbili kwenye mashine, mikono yote ikiwa chini yake. Huoni kidole, huoni herufi. Ukichungulia, unapigwa rula kwenye kifundo. Baada ya miezi mitatu vidole vyenyewe vilikuwa vimejua njia, na kitambaa kilipotolewa hatukukihitaji tena. Wote tuliofundishwa hivyo tunaiamini njia hiyo kama kipaimara. Nilipoanza kufundisha mwenyewe nilishona vitambaa vyangu. Kompyuta zilipokuja niliendelea navyo, na hata mtu anapojifunza kusogeza mshale namfunika mkono. Wanafunzi wangu wananilaani mwezi wa kwanza na kunishukuru mwezi wa tatu.

Na mtu wa kwanza niliyemwona akifanya kazi ya mikono bila kuiangalia hakuwa mwalimu yule. Alikuwa Mama. Alisuka viondo, vile vikapu vya mkonge, akitembea, akipanda mlima, akisuluhisha ugomvi wa majirani. Macho yake yalikuwa kwako na vidole vyake vilikuwa kwenye nyuzi, na hata siku moja sikuwahi kuona uzi umepotea. Nilipoambiwa chuoni kwamba mikono ina macho yake, sikushangaa. Nilikuwa nimelelewa na mikono hiyo.

Kiharusi cha kwanza kilimjia mwaka juzi na kuondoka na mkono wa kushoto. Tulizoea. Cha pili kilikuja mwezi wa tatu mwaka huu, na hicho kilichukua maneno. Mkono wa kulia ulibaki na nguvu kidogo. Kichwa alikitikisa, lakini alikitikisa kwa kila kitu: ukimwuliza kama anataka uji, ndiyo, ukimwuliza kama hataki, ndiyo. Macho yalikuwa yake yale yale, yanakufuata chumbani, yana jambo.

Nilimleta kwangu hapa mjini. Hospitali iko karibu, na nilikuwa nampeleka mazoezi ya viungo kila Jumanne.

Ndugu yangu Mutuku hakupenda. Yeye ndiye aliyebaki na boma letu Mitaboni, upande wa pili wa vilima hivi, na ndiye aliyekaa na Mama miaka yote niliyokuwa huku. Alitaka Mama arudi nyumbani kwake. Alisema wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana ambacho Mama alichimba nacho mitaro na kusuka nacho kwa zaidi ya miaka thelathini, wameshapanga zamu za kukaa naye. Alisema mtu hauguzwi kwenye chumba cha kupanga. Alilisema kwa upole, maana Mutuku hajui kusema vingine.

Nami nikamjibu kwa hospitali. Akija kuzidiwa usiku huko, tutapita barabara gani? Tulivutana kwa simu wiki mbili, mpaka siku moja nikamwambia jambo ambalo wakati ule lilionekana kuwa la haki kabisa: tumwulize mwenyewe.

"Utamuuliza aje na haongei?" akasema.

Nikamwambia aniachie mimi. Niko na kompyuta.

Nilitengeneza ukurasa wenye picha mbili. Kushoto niliweka nyumba ya Mitaboni, ghala likionekana nyuma, na wanawake wanne wa mwethya wamekaa nje miguu wameinyoosha. Kulia niliweka mlango wangu wa kijani na dirisha la chumba alichokuwa akilala. Mshale ukifika juu ya picha, picha ile inajaza skrini nzima. Hakuna kubonyeza, hakuna kusoma. Nilijivunia ukurasa ule. Nilimwonyesha hata mwalimu mwenzangu.

Kwa wiki nzima nilimfundisha Mama tachipadi jinsi ninavyofundisha watu wote. Nilimkalisha vizuri, nikaweka kidole chake mahali pake, nikaufunika mkono kwa kitambaa cheusi, nikamwonyesha skrini. Alikuwa mwanafunzi mbaya kupita wote niliowahi kufundisha. Kila mara alishusha macho. Kila mara alitafuta mkono. Nilikuwa namwinua kidevu kwa vidole viwili, taratibu, nikimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na kumwambia, "Mwaitu, angalia juu. Wewe ulisuka viondo bila kuangalia, hii itakushinda?"



Mutuku alikuja Jumamosi, mwezi wa nne, kama tulivyokubaliana. Alisimama nyuma ya kiti cha Mama, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia ofisi ya chifu. Hajawahi kugusa kompyuta maishani. Nikamweleza Mama kwa Kikamba, polepole, mara mbili: huku ni nyumbani, huku ni kwangu, sogeza mshale mahali unapotaka kukaa. Nikasema atafanya mara tatu, ili mtu asije akasema ni bahati nasibu. Nikaufunika mkono, ili mtu asije akasema nimeushika.

Mara ya kwanza mshale ulitetemeka kidogo, ukateleza kulia. Mlango wa kijani ukajaza skrini.

Mara ya pili, kulia.

Kabla ya mara ya tatu Mama alianza kuvuta mkono utoke chini ya kitambaa. Aliuvuta kwa bega zima. Mimi niliurudisha. Nikamwambia, "Bado moja tu, Mwaitu." Mshale ukateleza kulia tena, moja kwa moja, bila kusita, na Mama akaanza kulia bila sauti.

Nikamwambia Mutuku ni machozi ya shukrani.

Akaikodolea macho ile picha ya mlango kwa muda. Kisha akaweka mkono kwenye bega la Mama, akasema sawa, amechagua mwenyewe. Alikunywa chai akaenda. Kuanzia siku ile hakunibishia tena. Alikuwa akija kila Jumapili na chombo cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ingawa Mama alikuwa amekwisha kuacha kutafuna. Mimi ndiye niliyekuwa nikiula.

Mama aliishi kwangu wiki tisa zaidi. Alifia kwenye chumba kile, saa nne asubuhi, siku ya kazi, mimi nikiwa darasani na jirani akiwa naye. Tulimzika Mitaboni kando ya Baba. Wanawake wa mwethya walikuja wote. Waliimba vizuri, na mmoja wao aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba walikuwa wamemtandikia kitanda.

Sasa nifike Ijumaa.

Ijumaa nilirudisha kiti cha magurudumu tulichoazimwa pale kwenye mazoezi ya viungo. Aliyekipokea ni Zuhura, ndiye aliyekuwa akimfanyisha Mama mazoezi kila Jumanne. Ni mtu wa hapa mjini, familia yao ina duka la vitambaa tangu zamani. Alinipa pole, akakaa nami kwenye benchi. Lile benchi nalijua sana. Ndipo nilipokuwa nikikaa kila Jumanne nikisahihisha mitihani, mlango ukiwa umefungwa, Mama akiwa ndani.

Zuhura akaanza kumsifu. Mimi nilidhani ni sifa za kawaida ambazo marehemu hupewa. Akasema:

"Mama yako alikuwa na akili, dada. Ule mkono wake wa kulia haukuwa na hisia hata kidogo, lakini alijua kuutumia kwa macho. Nilikuwa nikimwekea vijiti vya rangi mezani, nikimwonyesha kijani, anaokota kijani. Nyekundu, anaokota nyekundu. Hakukosea. Ila macho yasiondoke mkononi. Siku nilizokuwa nikimkinga macho ili nipime, mkono wenyewe wateleza tu, waenda nje, upande wa kulia, na yeye hana habari."

Nilimwomba arudie hiyo ya mwisho. Akarudia.

Nikamwuliza kama ni kila mara ulikuwa unaenda kulia. Akasema kila mara, ndivyo bega lake lilivyokuwa limelegea. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, nikatia sahihi kwenye kitabu chao, nikashuka.

Sikujua hata kwamba alikuwa akiokota vijiti. Mimi nilijua mazoezi ya miguu tu, kwa sababu miguu ndiyo niliyoiulizia.

Mama yangu alikaa mezani pangu wiki nzima akijaribu kuniambia kwamba hawezi kuupata mkono wake asipouona. Aliniambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa kuuangalia. Mimi nilikuwa nikimwinua kidevu. Mkono uliomsomesha mwanawe hadi chuo ulikuwa umepotea gizani, na mimi ndiye niliyelileta giza, nikalikunja vizuri, nikalitandaza juu yake.

Nimelia tangu Ijumaa. Naacha, naanza.

Jana sikuweza kukaa ndani. Nilienda kibandani kwa Mzee Kioko. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anigombeze, maana alikuwa na haki. Alikuwa amefungua saa ya ukutani, ameivalia lile lenzi lake la jicho moja. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, watu wakipita nyuma yangu. Alilivua lenzi. Hakusema "nilikuambia." Alisogeza makopo ya skrubu nipate pa kukaa.

Nikamwambia alikuwa na haki kuhusu ile kaskrini. Kama pale chini ya kidole cha Mama pangekuwa na picha, angeangalia mkono na picha kwa pamoja, na jibu lingekuwa lake. Na Mzee Kioko, ambaye mimi na nyinyi tulimcheka, akaanza kunipinga.

"Mwalimu, mimi pia nilifikiria baadaye," akasema. "Kidole ingefunika picha. Wewe ulisema poa. Na mtu mzima mwenye macho yake, anaandika barua yake, ya nini skrini mbili? Ni kumchanganya tu."

Tukakaa pale tukibishana, mimi nikitetea hoja yake na yeye akitetea yangu. Kwa dakika chache nilisahau kwa nini nimekuja. Nilisema picha zingekuwa kubwa, mbili tu, kidole kisingezificha. Akasema betri. Nikasema betri zitakuja nzuri. Akasema wanaotengeneza mashine hizi hawajui kuna mama Mitaboni. Nikasema basi waambiwe. Alicheka kidogo, mimi nikacheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Kwa hivyo hapa ndipo nilipofika kuhusu swali lile, kwa yeyote anayejali. Sijui kama kila laptopu inahitaji skrini kwenye tachipadi. Wanafunzi wangu wengi hawaihitaji, na mimi siihitaji. Lakini makala yangu ya mwezi wa pili iliandikwa kana kwamba watu wote wana mikono inayojua ilipo. Hoja zangu zote zilikuwa za mtu mzima wa mwili. Kile nilichokiita uvivu wa fundi wa saa kilikuwa, kwa mtu mmoja aliyekuja kulala chumba cha pili, ndiyo njia pekee ya kusema. Nimeifuta makala ile leo asubuhi. Kisha nikairudisha, kwa sababu kuifuta kulionekana kama kujificha. Ipo. Isomeni mwone.

Na bado sijasema lililo baya zaidi.

Nilipokuwa nikishuka kutoka kwa Mzee Kioko, nikiwa bado nalaumu mashine, ndipo liliponijia. Karatasi. Ningechapisha zile picha mbili kwenye karatasi, nikaiweka mezani, nikamwambia gusa. Mashine ya kuchapisha ninayo. Wino ulikuwepo. Angeuangalia mkono wake, angeusogeza kama alivyookota vijiti vya Zuhura, angegusa. Dakika moja. Mtoto wa nasari angelifikiria hilo. Mimi sikulifikiria kwa sababu mimi ni mwalimu wa kompyuta, na Mutuku alikuwa anakuja, na nilitaka aone.

Hilo ni la kiburi. Kuna lingine chini yake.

Ile mara ya tatu, Mama alipouvuta mkono, mimi niliona. Nisidanganye mahali hapa, maana nikidanganya hapa sina pengine pa kusema kweli. Niliona kwamba ule si mkono wa mtu anayechagua. Nimewafunika watu mikono miaka kumi na nane. Mkono unaotafuta naujua na mkono ulioanguka naujua. Kitu fulani kilinigusa kifuani, kikaniambia simama, tuanze upya, toa hiki kitambaa. Sikusimama. Jibu lilikuwa tayari limetoka mara mbili, na lilikuwa jibu nililolitaka.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nilitaka Mama akae kwangu. Miaka yote Mutuku ndiye aliyekuwa mtoto wa karibu, mwenye kujua dawa zake, mwenye kuitwa jina lake kwanza. Mimi nilikuwa wa kutembelea siku za sikukuu na mkate na majani chai. Alipougua nikapata nafasi ya kuwa mimi wa karibu. Nikaita nafasi hiyo hospitali.

Leo, nikiwa nimerudi tu kutoka kanisani, Mutuku amenipigia simu. Hujambo yake ndefu, kama kawaida, habari za ng'ombe, habari za mahindi ambayo hayakufika magotini. Kisha akasema wamekuwa na ibada fupi nyumbani na wanawake wa mwethya, na mmoja wao aliuliza kwa nini Mama hakuletwa afie kwake. 

"Nikawaambia Mwaitu alichagua mwenyewe," akasema. "Nikawaambia niliona na macho yangu, mara tatu. Wakakubali. Unajua, Mwikali, hiyo ndiyo kitu inanisaidia. Nikikumbuka alichagua, ninalala."

 Nilisema mtandao ni mbaya.

Kwa hivyo tangu saa saba nimekaa hapa na maswali mawili, na yote yananiuma. Nikinyamaza, ndugu yangu atalala. Ataendelea kuwaambia watu jambo ambalo si kweli, kwa moyo safi, na mimi nitakuwa nimemfunika na yeye. Wanawake wale wataendelea kudhani kwamba rafiki yao wa miaka thelathini aliwaona kwenye picha akawapita. Hilo ndilo lisilonitoka. Wameketi nje miguu wameinyoosha, na wanaamini aliwapita.

Nikisema, namnyang'anya Mutuku usingizi, na sina cha kumpa badala yake. Siwezi hata kumwambia Mama alitaka kurudi nyumbani, kwa sababu sijui. Pengine alitaka. Pengine, nikimwonyesha kwa karatasi, kidole chake kingeenda kwenye mlango wangu wa kijani na kunishangaza. Sitajua kamwe. Watu wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu amekuja na amekaa, hataki hata maji.

Nimejaribu kumwandikia Mutuku ujumbe wa simu. Nimeufuta mara nne. Jambo hili haliendi kwa ujumbe. Linataka nisimame mbele yake uani, wanawake wale wakiwepo kama wanaweza kuwepo, wanione uso.

Nimemwandikia mwalimu mwenzangu anishikie darasa la kesho. Nitapanda Mitaboni asubuhi. Nimekuwa nikipanga maneno tangu mchana, na nimeanza na habari za hisia za mkono, na bega, na tachipadi, na jinsi zilivyotengenezwa bila kuwafikiria watu kama Mama. Yote hayo ni kweli na Mutuku atayasikiliza kwa heshima hadi mwisho, na mwishowe atailaumu mashine, kwa sababu ananipenda.

Sitayasema hayo kwanza. Nimeyapunguza hadi yakabaki maneno machache, na nimeyasema kwa sauti hapa chumbani mara mbili ili nione kama mdomo utayabeba kesho.

Mama hakuchagua, Mutuku. Nilichagua mimi.